Mama Kevina wa Nsambya, Msaidizi wa Mama na Mtoto

Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Semliki na milima ya Ruwenzori, iko nchi ya Uganda. Watu wa Beni na Butembo wanaijua vema, maana huko wako ndugu zao Wakonzo, na wachuuzi hupita mpakani Kasindi kwenda na kurudi. Katika nchi hiyo limo neno moja ambalo wazee wengi wanalifahamu: kevina. Maana yake ni hospitali, au nyumba wanamohurumiwa maskini. Neno hilo halikutoka kwa mababu. Ni jina la mtu. Ni jina la mwanamke mtawa aliyefika huko mwaka 1903 bila mali yoyote, akafa mwaka 1957, na nyuma yake zikabaki hospitali, shule, nyumba za yatima na mashirika mawili ya masista. Habari za maisha yake zinawafaa sana wakatekumeni, maana zinaonyesha jinsi imani inavyoshika mikono na miguu ya mtu, wala si midomo yake tu.

Yatima wa Irlandi

Jina lake la kwanza lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, nchi ya Irlandi. Irlandi ni kisiwa cha Ulaya. Wakati ule kilitawaliwa na Waingereza, na wenyeji wake wengi walikuwa Wakatoliki na maskini.

Teresa hakumwona baba yake hata siku moja, kwa kuwa alikufa kwa ajali miezi 3 kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama yake akaolewa tena, lakini naye akafa Teresa alipokuwa na miaka 10. Ndipo nyanya yake alipomchukua na kumlea. Mwanamke mzee huyo alikuwa mtu wa sala, naye ndiye aliyepanda mbegu ya imani katika moyo wa mjukuu wake. Hata huyo hakukaa sana. Teresa alipofikia miaka 17, nyanya akafa pia.

Msichana alitamani kusomea ualimu, lakini fedha za kulipia chuo hakuwa nazo. Hakukaa kulia njiani. Akashika kazi ya mwalimu msaidizi, kisha akavuka bahari kwenda kufundisha watoto katika jimbo la Essex, nchi ya Uingereza. Huko moyo wake ukazidi kusikia wito wa Mungu. Mwaka 1895 akaingia katika nyumba ya masista wa Mtakatifu Fransisko huko Mill Hill, karibu na London. Mwaka 1898 akavikwa nguo ya kitawa, akapewa jina la Sista Maria Kevin wa Mateso Matakatifu. Mtakatifu Kevin ni abate wa zamani aliyeishi katika milima ileile ya Wicklow alikozaliwa Teresa.

Alitaka kwenda Marekani, kuwahudumia watu weusi waliokuwa huko. Akangoja kwa subira. Wito ulipokuja, haukumpeleka Marekani, bali ulimleta Afrika.

Chini ya mwembe

Siku zile mapadri wa Mill Hill walikuwa wamekwisha kufika Uganda. Sababu ya kuja kwao ni hii. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita. Mapadri wa kwanza walikuwa Wafransa, kwa hiyo watu walidhani kwamba dini ya Katoliki ni mambo ya Ufaransa, na dini ya Kiprotestanti ni mambo ya Uingereza. Basi mwaka 1895 wakaja mapadri waliotoka Uingereza, pamoja na Askofu Henri Hanlon, wakapewa kilima cha Nsambya, karibu na Kampala. Askofu huyo aliona upesi kwamba mapadri peke yao hawawezi kuwafikia wanawake. Akaomba masista.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista 6 waliondoka London. Walikuwa Wairlandi 3, Mmarekani 1, Mwingereza 1 na Mskoti 1. Sista Kevin alikuwa mmoja wao, naye alikuwa na miaka 27. Walifika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Hawakukuta hospitali wala dawa za kutosha. Hawakujua lugha ya wenyeji. Hapo karibu na nyumba yao palikuwa na mwembe wenye kivuli kizuri. Sista Kevin akaanza kazi chini ya mwembe huo, akiosha vidonda na kugawa dawa. Hivyo ndivyo hospitali ya Nsambya ilivyozaliwa. Haikuanza kwa matofali. Ilianza kwa mti, maji, na mikono ya watu.

Nchi ilikuwa katika taabu kubwa. Ndui ilikuwa ikiua watu. Malaria haikuacha nyumba. Katika Busoga na pwani za ziwa kubwa, ugonjwa wa malale uliokuwa umeanza karibu na mwaka 1900 uliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka 20, hata vijiji vingine vikabaki majani matupu. Lakini palikuwa na kilio kingine kisichosikiwa mbali, nacho ni kilio cha wanawake waliokufa wakizaa, na cha watoto waliozaliwa asubuhi wakazikwa kabla ya juma kwisha.

Kwa nini walikufa hivyo? Sababu zake zinajulikana. Mama mwingine alitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, wala hapakuwa na mtu aliyejua kuizuia. Mwingine mtoto alikaa vibaya tumboni, uchungu ukaendelea siku mbili, siku tatu, nguvu zikaisha. Mwingine aliguswa kwa mikono isiyooshwa, uchafu ukaingia mwilini, homa ikamwua siku chache baadaye. Na mtoto naye, kitovu chake kikikatwa kwa wembe mchafu au kupakwa udongo, alishikwa na pepopunda, mwili ukakakamaa, akashindwa kunyonya, akafa. Watu wengi hawakujua mambo hayo. Walipofiwa walitafuta mchawi, na mara nyingi mwanamke asiye na kosa akachukiwa na jirani zake. Hivyo ujinga uliua mara mbili: uliua mwili, kisha ukaua upendo kati ya watu.

Kazi inapanuka

Mwaka 1906 Sista Kevin alianzisha misioni ya pili huko Nagalama, mwendo wa kilomita 37 hivi kutoka Nsambya. Mwaka 1910 mkubwa wa masista, Sista Paulo, alishikwa na ugonjwa akarudi Marekani, na Sista Kevin akawekwa mahali pake. Tangu hapo watu wakamwita Mama Kevin, na kwa ulimi wa Kiganda, Mama Kevina. Mwaka 1913 walipofika masista wengine 3, alifungua misioni ya tatu huko Kamuli, katika Busoga. Kila mahali alishika mambo mawili pamoja, shule na dawa. Aliona kwamba ukimponya mtoto bila kumfundisha mama yake, mtoto yuleyule atarudi kwako mgonjwa.

Mwaka 1914 vita kuu vya Wazungu vikafika mpaka Afrika. Wazee wa Kongo walisimulia habari za wababu waliobeba mizigo ya askari mpaka Tabora mwaka 1916. Huko Uganda nako vijana maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Walirudi wamekonda, wana kuhara damu, homa na vidonda, na wengi hawakurudi kabisa. Hospitali ya Nsambya ikapokea wapagazi hao. Mama Kevin alikasirika sana kuona jinsi walivyotendewa kama vitu tu, wala hakuficha hasira yake. Kwake yeye mpagazi na bwana mkubwa walikuwa na thamani moja, kwa kuwa wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Vita vilipokwisha, siku ya Noeli ya mwaka 1918, serikali ya Uingereza ikampa nishani kwa ajili ya kazi hiyo. Naye akarudi kazini.

Sheria iliyowazuia masista

Hapa ndipo penye jaribu kubwa la maisha yake. Siku zile sheria za Eklezya hazikuwapa masista wenye nadhiri ruhusa ya kufanya kazi ya mkunga. Wakubwa waliona kwamba kazi ya kuzalisha haipatani na maisha ya mtawa. Kwa hiyo sista aliweza kufunga kidonda, kutoa dawa ya malaria, hata kumlea yatima. Lakini mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, sista alizuiwa. Tena wanawake wengi wa nchi ile hawakukubali kuzalishwa na mwanamume, hata kama ni mganga mwenye elimu. Basi ni nani atakayewasaidia?

Mtu mwingine angalivunja sheria kwa siri. Mtu mwingine angaliketi na kusema kwamba si kazi yake. Mama Kevin hakufanya hili wala lile. Alitii, lakini hakunyamaza.

Kwanza, alitafuta watu wasiofungwa na sheria hiyo. Akaja Daktari Evelyn Connolly, mwanamke mlei, si mtawa, aliyejitolea kwa kazi ya misioni. Katika miaka ile ya 1920 wawili hao walianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Wasichana wa nchi wakafundishwa kuosha mikono na kuchemsha vyombo, kumpima mama mwenye mimba, kujua hatari kabla haijafika, kumpokea mtoto na kukata kitovu kwa usafi. Juu ya kilima cha pili, Namirembe, Waprotestanti nao walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo: Daktari Albert Cook na mke wake Katharine walikuwa wameanza kufundisha wakunga tangu mwaka 1918. Watu waliopigana mwaka 1892 sasa walishindana kuokoa watoto. Mashindano ya namna hiyo ni mazuri.

Pili, Mama Kevin alikuwa mmoja wa wale walioomba Roma kwamba sheria ile ibadilishwe. Si yeye peke yake. Daktari Anna Dengel wa Austria, aliyeanzisha shirika la masista waganga huko Marekani mwaka 1925, alikuwa na shauri hilohilo, na Mama Maria Martin wa Irlandi vilevile. Waliandika, wakaeleza, wakangoja. Miaka ikapita. Mwisho, tarehe 11 Februari 1936, Roma ikatoa ruhusa. Tena haikuruhusu tu, bali iliwahimiza masista wa nchi za misioni wajifunze udaktari na ukunga, ili mama na watoto waokoke. Mama Kevin alikuwa na miaka 60 siku hiyo. Alikuwa amekaa Uganda miaka 33.

Mkatekumeni na alitafakari jambo hili. Utii si usingizi. Mtii wa kweli huwaambia wakubwa wake ukweli kwa heshima, tena na tena, na huku mikono yake inafanya kila jema linaloruhusiwa.

Binti za nchi

Mama Kevin alijua kwamba masista wa Ulaya hawatatosha kamwe, na kwamba kazi ya Mungu katika nchi yapasa kushikwa na watoto wa nchi. Huko kusini mwa Buganda walikuwako tayari masista wenyeji, Bannabikira. Basi mwaka 1923, huko Nkokonjeru, aliwakusanya wasichana 8 akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wawe walimu na wauguzi. Katika desturi za siku zile msichana alitazamiwa kuolewa na kuzaa, na jamaa walitazamia mahari. Msichana aliyeacha hayo yote kwa ajili ya Mungu alionekana kama mtu aliyepotea. Lakini hao 8 walidumu, na wengine wakawafuata. Shirika lao likaenea Uganda, Kenya na Tanzania. Wanawake waliodhaniwa kwamba hawatakuwa na watoto wakawa mama wa watoto wasiohesabika.

Mama Kevin hakuwasahau wala wale waliokimbiwa na watu wote. Alianzisha makao ya wenye ukoma huko Nyenga mwaka 1932, na huko Buluba, karibu na ziwa, mwaka 1934. Huko nako walikuwamo wanawake wenye mimba na watoto wachanga. Nani mwingine angewapokea?

Kazi ilipokua, ilihitaji watenda kazi. Mwaka 1928 Mama Kevin alirudi Uingereza kwa muda, na mwaka 1929 nyumba ya wanovisi ikafunguliwa Holme Hall, katika jimbo la Yorkshire, kwa ajili ya wasichana waliotaka kuja Afrika tu. Mwaka huohuo wa 1929 mapadri wa Asomsyo walifika kuhubiri katika nchi ya Beni. Mwaka 1952 masista wa Mama Kevin wakawa shirika la peke yake, Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, wenye nyumba mama huko Mount Oliver, Irlandi, naye akachaguliwa kuwa mkubwa wao wa kwanza.

Mwisho wa safari

Mwaka 1955, alipokuwa na miaka 80, Mama Kevin aliacha ukubwa. Wazee wengi wa umri huo hupumzika. Yeye alitumwa Boston, Marekani, awe mkubwa wa nyumba ndogo ya masista, akawa anaomba fedha kwa Wakristo wa huko kwa ajili ya hospitali na shule za Afrika. Hivyo, mwisho wa maisha yake, alifika katika nchi aliyoitamani katika ujana. Lakini moyo wake ulibaki Uganda. Alikufa huko Boston tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulipelekwa Irlandi, ukazikwa Mount Oliver. Ndipo Wakristo wa Uganda waliposimama. Walisema kwamba mama yao azikwe kwao. Wakaomba mpaka wakasikilizwa. Mwili ukafukuliwa, ukaletwa kwa ndege, ukazikwa Nkokonjeru kati ya binti zake tarehe 3 Desemba 1957. Siku ileile, tarehe 3 Desemba, miaka 55 kabla, ndiyo aliyoondoka London kuja Afrika asikokujua. Mwaka 2016 Eklezya ya Uganda ilianza rasmi kuchunguza maisha yake, ili ijulikane kama anafaa kuwekwa katika hesabu ya watakatifu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Eklezya. Mkristo anaweza kumwomba kwa faragha nyumbani mwake, akingoja neno la Baba Mtakatifu.

Mafundisho kwa Wakristo wa Beni na Butembo

Je, habari hizi zina faida gani kwa mtu wa kijiji cha Beni au Lubero? Zina faida kubwa. Nchi hii nayo ina masista wake wenyeji. Ina hospitali Kitatumba na Matanda huko Butembo, nyingine Katwa, Musienene na Beni, na vituo vidogo vya afya vijijini, ambako mama mwenye mimba hupimwa na mtoto mchanga huwekwa katika mzani na kuchanjwa. Lakini nyumba ya dawa haimfuati mtu kitandani mwake. Yapasa aiendee.

Tena nchi hii imeonja jinsi hofu inavyoua. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika nchi ya Beni, ukaenea mpaka Katwa na Butembo. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, na kati ya walioambukizwa walikuwamo waganga na wauguzi. Siku zile mama wengi waliogopa kukanyaga kituo cha afya, na maneno ya uongo yakapita kasi kuliko dawa. Mama Kevin naye aliishi kati ya ndui na malale. Hakuwatukana walioogopa. Alikaa karibu nao mpaka wakamjua, na walipomjua wakamwamini.

Basi mume Mkristo na asimwache mke wake aende peke yake kupimwa mimba, wala asingoje uchungu uanze ndipo atafute nauli. Akiba ya mtoto huanza kuwekwa mama anapotambua kwamba ana mimba. Mama mkwe na asimzuie mkwewe kwa kusema kwamba wa zamani walizaa nyumbani. Ni kweli walizaa nyumbani, lakini makaburi yao hayahesabiki. Kitovu cha mtoto kisipakwe kitu chochote asichoagiza muuguzi. Mtoto apelekwe kwenye mzani na chanjo hata kama anacheka na kunenepa, maana chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa, si baada yake. Na mwanamke akifiwa na mtoto, jirani asimtafutie mchawi. Ampelekee maji, chakula na faraja.

Wakatekumeni wanajitayarisha kuzaliwa mara ya pili kwa maji na kwa Roho Mtakatifu. Anayengoja kuzaliwa huko na aheshimu pia kuzaliwa kwa kwanza. Yatima wa Arklow hakuwa na baba wala mama wala mali, hata hivyo Mungu alimfanya mama wa nchi nzima. Alianza chini ya mwembe. Na katika kila kijiji cha nchi hii haukosekani mti wenye kivuli, wala mama mwenye mimba aliye peke yake, wala jirani anayeweza kusimama na kumsindikiza njiani.